Mkate wa Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tatia aliliona neno hilo kuwa la watu walegevu. Mgeni ukimpa jembe atapiga matuta mawili, ataomba maji, atakaa kivulini kupumzisha mgongo, na mwezi utaandama angali kwako. Yeye siku ya tatu hakutoa jembe. Alitoa mkate.

Alfajiri, mgeni akiwa bado anakoroma, Tatia alitundika mfuko wa kitambaa kwenye msumari wa lango la nje. Ndani mlikuwa na mkate mmoja wa shayiri, wa kumfikisha mtu nyumba inayofuata ya waumini, basi. Hakusema neno. Mhubiri akitoka kunawa uso aliuona mfuko, akajua. Aliyekuwa wa kweli aliutwaa, akaiombea nyumba heri, akashika njia. Aliyekuwa mwongo alianza kuumwa tumbo.

Na waongo hawakukosekana. Miaka ile wahubiri wa njiani walipita Tembre ya Frigia kila mwezi, mmoja anatoka Antiokia, mwingine anakwenda Ponto, mwingine anaapa kwamba hatasimama mpaka afike wanakotoka wafanyabiashara wa pilipili. Walikuja na joho moja na fimbo, miguu imepasuka. Nyumba ya Tatia ndiyo iliyowapokea kwa sababu ndiyo iliyokuwa na chumba kikubwa, chumba cha sufu, ambamo waumini walikusanyika siku ya Bwana katikati ya marobota yanayonuka kondoo. Wengi walikuwa watu wa Mungu kwelikweli. Lakini alikuwako yule wa Efeso aliyefumba macho katikati ya sala, akatetemeka, akatangaza kwamba Roho anataka mwanakondoo wa kuchoma mwenye bizari. Tatia alimchoma mwanakondoo, akatia bizari, akawagawia wajane wa mtaa wa chini mpaka mfupa wa mwisho, na yule bwana ameketi anatazama. Kesho yake mkate ulimkuta langoni, siku moja kabla ya wakati.

"Roho alisahau kutaja nani ale," wifi yake Apia alipenda kusema, na alisema hivyo kila alipokula nyama.

Habari za mkate huo zilibebwa na wahubiri wenyewe. Wengine walinung'unika, wengine walisifu, lakini wote walisimulia, na jambo likisimuliwa na watu wanaotembea halilali mahali pamoja. Mwaka mmoja alikuja mtu wa Kapadokia akasema kwao nako siku hizi wanatundika, wamejifunza kutoka Frigia. Tatia alijifanya hakusikia, akaendelea kukoroga pipa la rangi. Lakini wiki nzima Apia alimsikia akiimba kazini, naye si mwimbaji.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Manesi. Baba yake alifariki Manesi akiwa na miaka kumi, na tangu hapo walibaki wawili, mama na mwana, shambani kuchimba mizizi ya rangi nyekundu na uani kuchovya sufu. Alipotimiza miaka ishirini akasema anataka kwenda na Neno. Tatia hakulia mbele yake. Alimfumia mshipi mwekundu, akamwokea mkate, akamsindikiza mpaka kwenye jiwe la maili.

"Sikiliza," alimwambia. "Siku ya tatu ikikukuta mlangoni kwa mtu, usiniite mama."

Manesi akacheka, jino lake la mbele lililovunjika likaonekana. "Hata nikivunjika mguu?"

"Una miguu miwili."

Sasa ulikuwa mwaka wa nne tangu hapo. Barua moja ilifika kutoka Ankira, aliyoandikiwa na mtu, maana mwandiko wake mwenyewe haukusomeka. Kisha mhubiri mmoja akasema amemwona kwenye njia ya kwenda Ponto, mzima, anaimba. Baada ya hapo kimya. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeoshwa miguu katika nyumba ile bila kuulizwa kwanza: umekutana na kijana mrefu, jino la mbele limevunjika, mshipi mwekundu kiunoni? Waliulizwa wa kweli na waongo sawasawa. Hata yule wa mwanakondoo aliulizwa. Tatia aliitaka habari ya mwanawe kuliko alivyotaka jambo lolote chini ya mbingu, na asingejali inatoka kinywa cha nani.

Dasio alifika wakati majani ya mizizi yalipokuwa yamekauka shambani, maana yake siku za kuchimba zimetimia na Tatia hana mchimbaji. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpana wa mabega, mzito wa maneno, na vumbi lake lilikuwa la kaskazini. Alikuwa na barua ya utambulisho. Zotiko, dobi wa mjini ambaye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa kusanyiko lao, aliisoma akiwa amesimama langoni, mikono yake imebabuka kwa mkojo uliochacha anaofulia nguo za watu. Barua ilikuwa fupi: ndugu yetu Dasio ni mwaminifu, mpokeeni kama mnavyotupokea sisi.

"Karibu, mhubiri," Zotiko akasema.

Mgeni akafungua kinywa, akakifunga tena. Akainama kupita chini ya lango.

Tatia alileta beseni, akapiga magoti, akauliza swali lake. Miguu ya yule mtu ikaruka ndani ya maji kana kwamba yalikuwa yanachemka. Alikaa muda akimtazama kichwani, kwenye kitambaa cha mjane, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Barabara ni nyingi, mama."

Tatia akalichukua jibu hilo kuwa hapana. Alikwisha kusikia hapana za kila namna. Akaendelea kusugua visigino.

Jikoni Apia alikuwa tayari na la kusema. "Wifi, umeiona mikono yake? Mhubiri gani ana sugu za jembe?"

"Wengine walikuwa wavuvi."

"Wavuvi walinuka samaki, ni haki yao. Huyu ananuka mbuzi."

Siku ya pili iliangukia siku ya Bwana. Watu walikuja mapema kabla ya kazi, wakajaa kati ya marobota, watumwa wawili wa nyumba ya diwani wakiwa karibu na mlango kwa sababu lazima wawahi kurudi. Baada ya sala Zotiko akamwomba mgeni aseme neno. Dasio alisimama. Aliutazama mkeka. Akasema Mungu anaona linalotendeka kwenye njia isiyopita watu. Akarudia, Mungu anaona, kisha akakaa, na jasho linamtoka na hali asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kuvaa majoho mawili. Watu wakatazamana. Bibi kizee mmoja alisema hayo ndiyo mahubiri bora tangu abatizwe, maana uji haukupoa.

Zotiko hakucheka. Alimvuta Tatia kando, akamwambia kuwa hajui huyu ni mtu gani, lakini barua ni ya kweli, mhuri anaujua.

"Kesho ndiyo ya tatu," Tatia akamjibu. "Mkate utatuambia."

Asubuhi ya tatu mfuko ulikuwa kwenye msumari kabla jogoo hajamaliza. Tatia alisimama uani akikuna sufu, kama desturi yake, mahali anapoliona lango bila kuonekana anatazama. Dasio akatoka na kitambaa cha uso mkononi. Akauona mfuko.

Tatia alikuwa amewaona wengi wakiuona mfuko ule. Aliwaona waliotabasamu, waliokunja uso, na mmoja aliyeubusu. Hakuwahi kumwona mtu akiwa kama huyu. Rangi ilimtoka usoni ikaacha majivu. Alishika mhimili wa lango kwa mikono miwili, akabaki hivyo, mdomo wazi, anautazama mkate uliofungwa kwenye kitambaa kama mtu anayemtazama nyoka. Kisha akageuka, akarudi ndani bila kunawa, akaketi juu ya robota.

"Tumbo hilo linakuja," Apia akanong'ona nyuma ya pipa.

Tatia akaingia akamkuta ameinamisha kichwa. Akamwuliza kama hakuuona mkate.

"Nimeuona. Nipe siku moja, mama. Moja tu."

Ndilo neno lao lilelile. Wote walianza na moja. Damu ikampanda Tatia kichwani, na hasira yake ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu siku mbili zile, ingawa asingekiri, alikuwa amempenda kidogo huyu mtu mzito asiyejua kusema. Akamtuma Apia mbio akamwite Zotiko na wanaume wawili. Yeye akaenda langoni, akautungua mfuko, akarudi akaubwaga mkate juu ya meza. Kama mgeni hataki kujifungia safari, atamfungia yeye. Akaliendea fuko la Dasio lililokuwa pembeni, akalifungua kamba, akausukuma mkono ndani ili mkate upate nafasi.

Dasio aliinua kichwa. Akasema, "Mama, usi..."

Mkono ulikuwa umekwisha kukuta kitu.

Kabla hajakitoa alikuwa amekijua. Tatia alikuwa mwenye shoto. Alisokota uzi kwa mkono wa kushoto, na uzi wake ulijipinda upande usiopindia nyuzi za wanawake wengine wote wa Tembre, kiasi kwamba mama yake mzazi aliwahi kumchapa kwa ajili hiyo. Vidole vyake vilipita juu ya mfumo vikausoma. Akavuta. Mshipi ukatoka taratibu, mwekundu uliofifia, umekakamaa mahali palipolowa pakakauka, na ncha yake moja imechanika.

Hakuna kilichotikisika chumbani. Nje kuku alikuwa anaparua karibu na pipa, na Tatia alimsikia waziwazi, kila ukucha.

Wazo lililomjia kwanza lilikuwa jepesi na la kutisha: huyu amemwua. Amemwua barabarani, akachukua mshipi, akachukua na barua. Mkasi wa kukatia sufu ulikuwa mezani karibu na mkate. Baadaye hakukumbuka kuuchukua, lakini Dasio aliuona mkononi mwake, naye hakusogea. Alibaki ameketi, mikono juu ya magoti.

"Yuko wapi?" Tatia akauliza.

"Amelala kwangu, mama. Karibu na ukuta wa shamba langu. Tulimzika sisi."

Akakaa chini palepale sakafuni, mshipi mapajani, mkasi bado umeshikwa. Akamwambia aseme. Aseme yote, asiruke.

Dasio akasema. Kwanza alisema kwamba yeye si mhubiri. Hajawahi kuwa mhubiri. Ni mkulima wa shayiri na mfuga mbuzi katika kijiji cha nyumba kumi na moja juu ya Ankira, na nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla njia haijaingia mlimani kuelekea Ponto. Kwa hiyo wahubiri hulala kwake, kama wanavyolala hapa. Barua ile mwangalizi wao alimwandikia kwa sababu alisema ana jambo la kumwambia mama mmoja wa Frigia. Alipofika langoni akaitwa mhubiri, akakosa pa kuanzia. Na alipooshwa miguu, na swali lile likaulizwa na mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, alijua akijibu wakati huo atakufa. Akajiambia, kesho. Kesho yake wakamsimamisha mbele ya watu.

Halafu akaeleza habari za walaghai wawili waliopita kijijini kwao mwaka juzi na kuwala mpaka mbegu. Watu wakakata tamaa, wakawa hawataki kufungulia mtu. Ndipo mwangalizi wao akarudi kutoka Ankira na shauri jema alilolisikia kwa wasafiri. Kuna nyumba moja Frigia, akasema, mama mmoja mwenye akili. Siku ya tatu anatundika mkate langoni. Huna haja ya kugombana na mtu. Wa kweli ataenda.



"Tukapigilia msumari," Dasio akasema. "Wa kwanza kuja baada ya msumari alikuwa mwanao."

Manesi alifika theluji ya kwanza ya mwaka jana ikiwa imeanza kushika vileleni. Alihubiri siku mbili, na kwa maneno ya Dasio, hata mbuzi walisikiliza. Alikula kidogo, wao wakadhani ni adabu. Asubuhi ya tatu alitoka kunawa uso akauona mfuko kwenye msumari, na mke wa Dasio aliyekuwa akikamua alimwona amesimama kama mti. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye kizingiti, akashika mbavu, akauliza ni nani aliyewafundisha haya. Wakamwambia, yametoka Frigia.

"Akasema nini?"

Dasio akamjibu, "Akasema, 'Huo ni mkate wa mama yangu. Umetembea kunishinda.'"

Mke wa Dasio aliitazama mbingu akamwambia angoje, mawingu si mazuri. Manesi akamjibu kwa mzaha kwamba afadhali akutane na theluji kuliko kukutana na mama yake, siku moja, na habari kwamba alilala kwa mtu usiku wa tatu. Aliuchukua mfuko. Aliiombea nyumba heri, kila mtu kwa jina lake, hata mtoto wa kunyonya. Uso wake ulikuwa mwekundu. Wao wakadhani ni kicheko.

Mchana mke wa Dasio alitoa nje majani aliyolalia mgeni ili ayaanike, akamwita mumewe aje aguse. Yalikuwa yamelowa chapachapa, mpaka chini. Siku mbili mtu yule alikuwa anachemka kwa homa ndani ya nyumba yao na hawakujua. Dasio akashika njia ya mlimani, theluji ikamrudisha. Kesho yake akaenda tena. Manesi hakuwa mbali. Alikuwa chini ya mwamba mahali ambapo mtu akipaza sauti anasikika kwa Dasio uani. Ama hakuita, ama upepo uliichukua sauti. Mkate ulikuwa mfukoni haujamegwa.

Alipomaliza, Tatia hakuinua macho kwake. Alikuwa anaitazama meza. Mkate wa shayiri ulikuwa pale, umepasuka kidogo juu kama inavyopasuka mikate yake yote, kwa sababu alipenda tanuri kali.

"Hukumgusa?" akauliza mwishowe.

"Kumgusa vipi, mama?"

"Paji la uso. Mtu hali chakula, unamgusa paji la uso."

"Sikumgusa. Nilikuwa nahesabu siku zake."

Alilisema hilo bila kujitetea, na Tatia akajiona humo, kwa maana yeye pia alikuwa anahesabu. Miaka yote hii. Akamkumbuka yule mzee wa Kilikia, majira ya mvua yaliyopita, aliyekohoa siku mbili upande wa marobota. Asubuhi ya tatu aliutungua mfuko kwa mkono unaotetemeka, na Tatia, uani, alijisemea kwamba uzee hutetemesha. Hakuuliza kama alifika. Hakuwahi kuuliza kama yeyote kati yao alifika. Paji la uso la mwisho aliloligusa lilikuwa la Manesi, akiwa mtoto wa meno.

Hata nikivunjika mguu? Una miguu miwili.

Zotiko aliingia akihema, wanaume wawili nyuma yake, na Apia nyuma yao akinyoosha shingo. "Mama Manesi, ni huyu? Tumtoe?"

"Si mhubiri," Tatia akasema, bado yuko sakafuni.

"Si ndivyo tunavyosema? Mwongo."

"Hakusema ni mhubiri. Wewe ndiye uliyesema. Hatukumwuliza hata jina la kijiji chake." Akauinua mshipi waone. "Manesi amekufa. Amekufa kwa mkate wangu."

Zotiko alimtazama Dasio, akatazama mshipi, na mikono yake iliyobabuka ikabaki hewani haina kazi. Hakuelewa. Apia ndiye aliyeelewa kwanza sehemu ya mwanzo ya maneno yale, na kilio chake kilifika mpaka mtaa wa chini. Mwanamke yule aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo alikaa chini karibu na wifi yake, akajifunika uso na ushungi, akalia kama anayetapika. Tatia hakulia. Alisimulia yale aliyoambiwa, kwa maneno machache na kwa mpangilio, kama anavyowaeleza wafanyakazi kiasi cha rangi na maji. Aliposema msumari ulipigiliwa kwa mfano wa msumari wake, alizungusha mshipi kwenye kiganja, akaendelea. Wale wanaume wawili walitoka nje mmoja baada ya mwingine.

Dasio akasimama. Alisema amemaliza lililomleta na kwamba hastahili kukaa chini ya paa lile. Akaunyoshea mkono mkate ulio mezani, kwa kuwa ndiyo desturi, na kwa kuwa hakujua aufanye nini mkono wake.

Tatia akaupiga ule mkono. "Huo hupewi."

Akainuka kwa shida. Akatoka uani mpaka langoni, akaushika msumari kwa vidole, akavuta. Msumari ulikuwa na miaka kumi pale na haukusogea. Akauchomeka mkasi wa sufu chini ya kichwa chake akakandamiza kwa uzito wake wote, shoto juu ya kulia. Zotiko alikuja nyuma yake.

"Mama Manesi, ngoja kwanza. Una msiba, usiamue jambo leo. Na wale wa mwanakondoo? Tutawazuiaje?"

"Basi watakula mwanakondoo."

"Watatumaliza."

"Walishamaliza nini kwangu? Wa kweli ndiye aliyekufa."

Ncha moja ya mkasi ikavunjika. Msumari ukatoka umepinda, ukaanguka kwenye mawe. Wote wawili wakatazama tundu lililobaki, dogo kama jicho la ndege. Halafu Tatia akasema jambo ambalo lilikuwa limeanza kumtambaa mgongoni tangu ndani. Kapadokia wanatundika. Galatia, kwa kina Dasio, wanatundika. Huko Ponto, na wanakotoka wafanyabiashara wa pilipili, nani ajuaye. Theluji haijaanza bado, lakini itaanza.

"Utaandika barua," akamwambia. "Kila anayepita hapa atabeba. Waambie yule mama wa Frigia ameng'oa. Waambie kwanza wamguse mtu, ndipo wahesabu."

"Nitume wapi? Dunia nzima?"

"Kila mahali mkate ulikofika."

Zotiko alitaka kusema kwamba hakuna barua itakayolikuta neno lililotangulia miaka mingi, na pengine usoni mwake ilisomeka. Lakini akaenda kutafuta wino.

Dasio alikuwa amesimama uani, fuko begani, hana mkate. Alikuwa tayari kwenda, na alingoja tu atukanwe. Tatia alimpita. Akaingia kwenye banda la zana, akasikika akisogeza vyungu, kisha akatoka na jembe lenye mpini mrefu uliolainishwa na mikono. Lilikuwa la Manesi, halikuwa limeguswa miaka mitatu. Akalisimamisha mbele yake.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukadhani. Na mimi sijui nitajisamehe lini, labda nisijisamehe. Lakini mizizi iko ardhini, baridi ikiingia inaoza, na aliyekuwa anaichimba unaye wewe kwako. Utachimba mpaka iishe. Kisha utanipeleka kwenye ukuta wako, kabla ya theluji."

Dasio alilipokea jembe. Macho yalikuwa yamemjaa maji lakini hakuyapangusa. Aligeuka kuelekea shambani.

"Ngoja," Tatia akasema.

Akamsogelea. Ilimbidi anyanyuke kwa vidole vya miguu, kwa kuwa mtu alikuwa mrefu. Akageuza mkono wake wa kushoto, mwekundu wa rangi mpaka kwenye kifundo, akaubandika mgongo wa kiganja kwenye paji la uso la yule mkulima, akauacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Apia, mlangoni, alisahau kulia akimtazama.

"Huna homa," Tatia akasema. "Nenda."